Mama Nyosha na Mkono wa Fundi

Shangazi yangu walimwita Mama Nyosha, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kutwa. "Nyosha. Nyosha, baba, mbona unaninyima?" Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Chumba chake, nyuma ya duka la rangi, kilikuwa na kitanda kimoja, vyuma vya kushikiliwa na waliokuwa wakijifunza kutembea upya, na ndoo ya vibanio vya nguo. Vibanio vilikuwa vya waliopooza mikono. Ukiweza kujaza kamba nzima, uliruhusiwa kumtukana.

Fundi cherehani wa mtaa wetu aliletwa kwake baada ya kiharusi, mkono wa kulia ukining'inia. Kadi yake ya bima ililipia kila kitu. Siku alipofaulu kubana kibanio cha kwanza, alimwahidi shangazi gauni atakalolikata kwa mkono huohuo. "Na kiuno chako nakiona, dada, usije ukanidanganya vipimo." Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ikaja mikataba mipya. Hospitali kubwa ya mjini iliiambia kampuni ya bima: mkitaka wodi zetu na vyumba vyetu vya upasuaji, mchukue na idara yetu ya mazoezi, na wagonjwa msiwapeleke kwingine. Kampuni ikanywea. Kadi ikakataliwa kwa shangazi na kwa wadogo wote wa aina yake. Wao waliuita mkataba. Mimi nauita kumkaba mtu koo, na nikiukumbuka bado damu inanichemka.

"Njoo tu, kaka, sitakudai kitu," shangazi alimwambia fundi.

"Nalipa bima kila mwezi, halafu nije kwako kuomba? Siji."

"Basi kaa na ukaidi wako!"

Walikuwa wakaidi wote wawili. Hospitali kubwa ilimpangia fundi siku moja kwa mwezi, upande wa pili wa mji. Alikwenda mara chache, akachoka, akaacha. Shangazi naye alifunga chumba kwa kukosa wagonjwa, akaenda kuuguza wazee majumbani mwa watu.

Muda ulipita kabla sheria haijabadilishwa. Ikawa marufuku kwa hospitali kuilazimisha bima ichukue idara zake zote au ikose zote, na marufuku kuizuia isipeleke wagonjwa kwingine. Shangazi alipiga vigelegele peke yake jikoni. Alifungua chumba, akafuta vumbi, akaosha vibanio, akampelekea fundi ujumbe: kadi inakubaliwa tena, njoo na kiburi chako.

Alikuja na mkewe. Mkono ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefungwa. Shangazi aliushika, akajaribu kidole cha kwanza. Hakikusogea. Akajaribu tena taratibu, huku akimtania kuhusu deni la gauni, kisha akakiachia.

"Hiyo sheria niliisikia redioni," fundi alisema. "Ni nzuri. Inasemaje kuhusu huu?"

Kucha zilikuwa zimezama kwenye kiganja, na humo ndani mlinuka kidonda. Shangazi alivuta kiti, akachukua mkasi mdogo, akaanza kuzikata, kidole kimoja baada ya kingine, pale mkasi ulipoweza kupenya. Mke wa fundi alishika taulo.

Siku hiyo shangazi hakumwambia anyoshe.