Ukurasa wa Shukrani

Gazeti letu lilitoka kila Ijumaa, na watu wa Mwanza hawafi kwa kufuata Ijumaa. Mtu akifariki Jumamosi, Jumatatu ameshazikwa, na ndugu wa mbali wamesikia redioni wakapanda basi. Sisi tulifika matanga yakishaanuliwa. Kwa hiyo matangazo ya vifo hatukuyapata. Tulichopata ni shukrani.

Nasema hivyo mapema kwa sababu nikimwambia mtu kwamba nilifanya kazi gazetini, anadhani niliwakimbiza wakubwa na kalamu mkononi. Nilikaa mbele ya taipu nikichapa majina ya watu waliochota maji msibani. Ndiyo kazi niliyoifanya miaka ile ya tisini. Nilichoka nayo wakati huo, na uchovu wenyewe mpaka leo haujanitoka vizuri.

Mhariri alikuwa mzee mmoja mkazi wa Mkolani, aliyepunguzwa kazi serikalini wakati kila ofisi ilikuwa inapunguza. Ilikuwa enzi ya ruksa. Kila kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa: maduka ya watu binafsi, mitumba, viwanda vya minofu ya sangara, na magazeti. Wenzake waliopunguzwa naye walinunua mashine za kusaga au walifuga kuku. Yeye alianzisha gazeti. Mkewe alipenda kusema kwamba kuku angalau wanataga.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mzee aliandika, mimi nilichapa, nikapanga kurasa kwa mkasi na gundi, nikapokea wateja, nikafagia. Kisha tulikwenda kumbembeleza mwenye mtambo wa kupiga chapa atuingize kati ya kadi za harusi na kalenda. Habari zilikuwepo: bei ya pamba, mikutano ya kata, kivuko cha Sengerema kuharibika. Hiyo ya kivuko niliichapa mara nyingi hata ningeweza kuichapa nimelala. Lakini wasomaji wetu walianza kusoma kutoka nyuma, maana shukrani zilikaa ukurasa wa mwisho. Kufa kufaana, na gazeti letu lilifaidika na vifo vya watu kama muuza sanda.

Kila familia ilikuja na maneno yale yale, yameandikwa kwenye karatasi safi na kijana aliyesoma: “Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, hivyo tunaomba nyote mpokee shukrani zetu za dhati.” Mzee alisoma, akavua miwani, akamtazama mfiwa.

“Si rahisi kwa nani?”

Mfiwa akaitazama tena karatasi yake.

“Walipokuja kwenu walikuja na majina yao. Kaburi halikuchimbwa na ‘nyote’. Nani alichimba?”

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kuwa ndefu. Ukitaka kuelewa kwa nini alianza na kaburi, ni lazima uwe umeshashika sululu Mwanza. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Unachimba kidogo tu, chuma kinalia, umegonga jabali. Unahama, unaanza upya, unagonga lingine, na huku jeneza liko njiani. Kwa hiyo wachimbaji walitajwa kwanza. Waliofuata ni waliopika, walioleta kuni na waliolala chini pamoja na wafiwa. Wakubwa waliochangia walikuja mwisho kabisa, baada ya waliochota maji.

Wakubwa hawakupenda. Familia moja ya watu wenye nafasi ilikuja juu, ikataka bosi wa marehemu awe wa kwanza. Mzee aliwasikiliza hadi mwisho.

“Bosi alileta shada la maua ya plastiki,” akawaambia. “Yule wa sululu alileta mgongo wake. Mnataka nianze na plastiki?”

Walichukua karatasi yao wakaondoka. Mimi nilikasirika, maana wateja wa namna hiyo hatukuwa nao wengi. Nilimwambia kwamba kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na sisi kila Ijumaa tunajitembeza mpaka stendi ya Buhongwa. Akacheka tu. Lakini ukweli ni kwamba waliolinunua gazeti letu ndio wale wale wa kuni na maji. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa shida, alikuja ofisini kuomba nimwonyeshe jina lake lilipo. Nikamwekea kidole. Akalitazama muda mrefu kuliko sisi tunavyotazama picha.

Kisha picha za marehemu zikaanza kuwa za vijana. Wasomaji wa umri wangu wanajua miaka hiyo. Tuliandika “baada ya kuugua kwa muda mrefu”, na hakuna aliyeuliza. Nilichapa majina ya watu niliosoma nao. Majina ya wachimbaji yalikuwa hayo hayo wiki hadi wiki, mpaka mmoja wao naye akaletwa kwangu ndani ya bahasha, kwenye picha ya pasipoti. Niseme lililokuwa moyoni: zilikuwepo siku niliwachukia waliokufa. Nikimwona mtu anaingia mlangoni na bahasha, vidole vilikufa ganzi kabla hajaketi. Nilimwomba mzee turuhusu ile sentensi ya “nyote”, mara moja tu, tupumzike. Alikataa. Alisema kifo kikizoeleka ndipo majina yanatakiwa zaidi, na mimi nikaona ni rahisi kwake, kwa kuwa vidole si vyake.

Kilichotumaliza hakikuwa vifo. Yalikuwa magazeti ya Dar. Mwanzo yalifika yamechelewa, yamechoka kwa safari. Baadaye yakaanza kuja na ndege ya asubuhi, manene, yana rangi, na viwanda vya minofu vikapeleka matangazo yao huko. Nani angetaka sabuni yake itangazwe na sisi, kwa wino uliobaki kwenye vidole? Tukapunguza kurasa. Tukaanza kuruka wiki. Tulikuwa gazeti la kila wiki lililotoka likijisikia vizuri, na mwenyewe naye alikuwa hajisikii vizuri. Sukari ilianza kumla miguu. Mwenye mtambo akaacha kutupokea, na chumba chetu kikageuka stoo ya matairi ya baiskeli.

Nilikwenda kumwona Mkolani. Alikuwa amelala sebuleni, miguu imefungwa. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu mwingine.

“Binti,” akasema, “wakinizika usiniandikie sifa. Andika waliochimba.”

“Nitaandika, mzee.”

“Wote.”

“Wote, mzee. Kwa majina.”

Nilijua hakuna gazeti la kuandikia. Naye alijua. Nadhani ndiyo sababu alitaka niahidi.

Alizikwa pale pale Mkolani, nyuma ya nyumba yake. Kiongozi wa wachimbaji alikuwa jirani, mfyatua tofali, mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelichapa mara nyingi kuliko langu mwenyewe. Sululu ikagonga jabali. Wakahamia upande wa pili. Ikagonga tena. Tulikaa turubaini tukisikiliza chuma kinavyolia, mchungaji akarefusha sala, na hakuna aliyenung’unika.

Matanga yalipoanuliwa, mjane aliniita chumbani.

“Mwanangu, mume wangu ameshukuru kwa ajili ya mji mzima. Sasa yeye, watu wake watashukuriwa wapi?”

Niliandika shukrani ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Wachimbaji kwanza, mmoja mmoja. Nikaipeleka kwa wakala wa gazeti moja la Dar pale mjini. Kijana akaipima kwa macho, akasema, “Dada, hii ndefu.” Nikamwomba. Akasema ataituma kama ilivyo, na wenye kuamua wako huko.

Ilitoka. Niliisomea pale pale kwenye meza ya muuza magazeti, nimesimama. Picha ya mzee ilikuwa ndogo kama stempu. Chini yake: familia inawashukuru ndugu, jamaa na marafiki. *Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina.*

Kwa hasira nilisahau kumrudishia muuzaji gazeti lake, nikaondoka nalo, akaniita, nikarudi kulipa. Nilimpelekea mjane kwa kuwa sikujua pa kulipeleka. Alisoma, akalikunja.

“Hata yeye,” akasema, “wamemwambia si rahisi.”

Nikatoka nikaenda kwa mfyatua tofali, maana nyumba yake ndiyo ya jirani, na maana nilikuwa nimeahidi. Nilimkuta amezama miguu kwenye udongo, anaukanyaga.

“Habari za kazi, kaka.”

“Nzuri, dada. Gazeti limetoka?”

“Gazeti halitoki tena.”

Akaendelea kukanyaga kidogo, kisha akasimama. “Kila kaburi nililochimba, mzee aliniandika. Marehemu mama yangu alikuwa anayakata majina hayo gazetini, anabandika ukutani. Mpaka leo yapo.” Akatazama upande wa nyumba ya mzee. “Sasa la kwake mwenyewe ndilo peke yake ambalo sijaandikwa.”

Hakusema kwa kulaumu. Ingekuwa lawama ningejitetea, ningewatukana watu wa Dar, tungemaliza. Nilisimama pale na mkoba wangu, nimechoka kama mtu aliyetoka safari, na maneno niliyoyachapa kwa miaka yote ile yakaja yenyewe. Nikayasema kwa sauti, kama yalivyokuwa yanaanza siku zote: kwamba familia ya marehemu inamshukuru, nikataja jina lake, mwana wa fulani, nikataja la baba yake, mkazi wa Mkolani, aliyechimba akakuta jabali, akahama akakuta jabali tena, asiache, mpaka marehemu akapata pa kulala.

Alikuwa amevua kofia. Nilipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa hakukuwa na karatasi ya kupokea.

“Wabeja,” akasema, asante ya kwao. Halafu akauliza: “Na wenzangu?”

“Nakwenda kwao mmoja mmoja.”

Alitazama viatu vyangu, akatazama jua.

“Mmoja kahamia juu kule, kwenye mawe. Peke yako hutapaona,” akasema. “Ngoja ninawe miguu.”

Nikakaa juu ya tofali zake nikamsubiri.