Muhogo Mweupe Uani

Juzi ndege ndogo ilipita juu ya Kabambare, na mikono yangu ikakimbilia majani ya ndizi kabla ya akili.

Wakati wa vita, nikiwa mtoto, muhogo ulioanikwa uani uling'aa mpaka juu, ukawaonyesha marubani kwamba pale kuna watu. Alasiri moja ndege ilinguruma. Mama, mikono ikinuka muhogo uliovundikwa, alituita: "Mufunike mbio, isione!" Tukautandazia muhogo majani ya ndizi. Mimi niliamini rubani ana njaa, amefuata bugali yetu ya muhogo. Bomu likaangukia mtoni, ndege ikaondoka. Niliruka nikipiga vigelegele: "Mama, haikupata hata kipande!" Mama alicheka huku machozi yakimtoka.

Juzi niliyaweka majani chini. Muhogo wangu ukabaki juani, mweupe, na ndege ikiuona.