Ngolo Zangu za Kihagara

Mimi ni bibi wa Maguu, kule milimani, sifundishwi kulima. Nilipomtembelea binti yangu Kihagara, kule ziwani, nikacheka matuta ya mama mkwe wake. "Dada, haya ni makaburi ya panya?"

Nikawakusanya wajukuu, tukachimba ngolo uani kwa binti yangu, yale mashimo yetu ya milimani ya kushika maji ya mvua. Tukapanda kabichi, mbegu za pakiti, maana siku hizi maduka yana kila kitu. Nikamwalika yule mama mkwe aje kujifunza.

Kichwa changu kikubwa kilisahau kwamba ule ua ni tambarare, maji hayana pa kwenda. Mvua ikamwagika. Mama mkwe alipofika, bata wake walikuwa wanaogelea bustanini.

"Kumbe huko milimani mnalima bata!"

"Bibi ndiye katufundisha!" wajukuu wakapaza sauti kwa fahari.