Daftari la ukumbi nililolitundika mlangoni, Birmingham

Wakuu, salaam. Ninayoyaandika hapa nimeyashuhudia mwenyewe. Ya kusikia nimeyaacha.

Ninatunza funguo za ukumbi mdogo, Balsall Heath.

Jumapili husali watu wa kwetu. Jumamosi mchana hukutana wanawake wanaopenda wanawake: Wakenya, Wakongomani, Wahindi wa Kampala. Hunywa chai, hushona, hucheka. Mlango hufungwa kwa ndani, na simu zote huwekwa kikapuni.

Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, ninaamini maandishi. Jumamosi moja nikadai kila mmoja wao aandike jina kamili daftarini, ili moto ukizuka tujue nani yumo ndani.

Binti mmoja Mkongomani, nitamwita Neema, alishika kalamu bila kuandika.

"Papa, ni lazima jina la kweli?"

"La uongo la nini?"

Mwenzake akacheka: "Andika tu, sister, huyu mzee atakumark na red pen!"

Akaandika.

Daftari nikalitundika kwenye msumari, kando ya mlango. Kesho yake baada ya ibada, mtu akaupiga picha ukurasa ule. Jioni ukawa kwenye WhatsApp group yetu.

Mzee mwenzangu akanipigia. "Mwalimu, wewe hutaki uvumi. Haya, mwandiko wao huo. Ndio wale wasagaji, au sio?"

Nilikata simu. Ushahidi nilikuwa nimeuandaa mimi.

Neema alikuwa akiishi kwa shangazi yake, Sparkbrook. Jumatatu alisimama mlangoni kwangu na begi moja. Shangazi ameiona picha ile, amemfukuza, tena amempigia simu baba yake Bukavu. Mke wangu akamtandikia kitanda. Alikaa wiki mbili, kisha akahamia mji mwingine.

Siku ya kuondoka nilimwomba radhi.

"Na moto wenyewe haukuwaka, Papa," alisema.

Baadaye ndipo nikausoma mwongozo wa ukumbi wetu, neno kwa neno. Unataka idadi ya watu tu. Habari ya majina niliambiwa na mtu, nami, mkali wa uvumi, nikaibeba bila kuihakiki.

Funzo langu ni hilo. Jambo laweza kuwa kweli kabisa, na bado lisiwe langu kuliweka hadharani.

Sasa nasimama mlangoni na kuhesabu. Walikuwa kumi na wanane. Jumamosi iliyopita waliingia kumi na saba.

Mwenye funguo za ukumbi kama mimi na aseme hapa: daftari lenu hulala wapi?