Kimya Kabla ya Neno

Tangazo la maziwa tulilirekodi Sosiot, mimi na rafiki yangu wa chuo. Mimi nilisoma, yeye akakaa kwenye kompyuta. Nilipaswa kusema "maziwa bora, bei poa", lakini wengi wetu Wakipsigis b hututoka kama p, na mara tatu nikasema "maziwa pora, pei poa". Akaniambia, "Usijali, hizo nitazifuta." Nikamwamini. Mwishowe tangazo alilisoma yeye mwenyewe, na wala sikuona ubaya.

Wiki chache baadaye, tukiwa jikoni kwa mama, dada yangu alifungua video aliyotumiwa kwenye simu. Sauti ilikuwa yangu. Kabla ya kila "pora" kulikuwa na kimya kifupi, kisha kicheko cha watu wengi. Na ni mimi niliyemfundisha mshenzi yule kwamba ukitaka neno lisikike, litangulizie kimya.

Dada alicheka, kisha akanitazama. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Si huyu ni wewe?" akaniuliza. "Umeongea vizuri kabisa. Sasa hao wanacheka nini?"