Sekunde Tano za Kimya

Domina alikuwa na hasira za mtu anayejua anachokitaka na kila siku anapewa kitu kingine. Pale Kilosa mjini, kwenye cherehani yake, mteja akileta kitambaa cha mita mbili na nusu akitaka gauni la mita nne, Domina alimwambia palepale, "Dada, mimi nashona, sifanyi miujiza." Watu walishamzoea. Walisema ana mdomo, lakini ukitaka nguo ikukae mwilini utamrudia tu. Kilichowashinda kukielewa ni kwa nini mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye watoto watatu na goti bovu, ikifika saa kumi jioni anafunga cherehani na kwenda kwenye ghala la zamani la pamba kuwafokea vijana watano wanaocheza hip hop.

Na kufoka kwenyewe kulisikika mpaka relini.

"Anitha! Unahesabu tena!"

"Sihesabu, kocha."

"Husemi kweli! Midomo inatembea, naiona mpaka huku. Moja, mbili, tatu, nne! Unacheza au unagawa mbegu?"

Anitha aliinamisha macho na kusema, "Samahani, kocha." Hilo nalo lilimkera Domina. Samahani, samahani, tangu mwezi wa tatu. Hakutaka samahani. Alitaka sura.

Maana mwili ulikuwepo, tena ulikuwepo kwelikweli. Msichana huyu wa miaka kumi na minane alishuka mjini kutoka Lumuma akakaa kwa shangazi yake, na siku ya kwanza tu alipoingia ghalani Domina aliona bega likikatika, shingo ikifuata, mguu ukitua pale ngoma inapotua, si kabla, si baada. Domina alishika kichwa kwa furaha. Halafu akamtazama usoni, furaha ikakatika. Sura ilikuwa ya mtu aliyekaa kwenye benchi anasubiri majibu ya malaria. Mwili unalia, sura imekaa benchi!

Jamani, Domina alikuwa ameshaeleza mpaka sauti imemkauka. Aliwaambia ngoma inakupa wakati wa kukanyaga, besi inakupa uzito wa kukanyaga, na ile sauti ya mwanamke anayeimba kwa mbali kwenye wimbo wao inakupa sababu ya kukanyaga. Wao walishika ngoma, wakaridhika. Aliwasimamisha wimbo mzima bila kusogeza hata kidole, wasikilize tu. Abeli, mrukaji wa kikundi, alisinzia akiwa amesimama. Aliwazimia ngoma wakabaki na ile sauti peke yake, wakagongana kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Siku nyingine aliwakataza kucheza kabisa, akataka kila mmoja amsimulie jambo lililowahi kumuumiza. Abeli akasimulia habari za jino. Anitha akasema, "Mimi sina la kusema, kocha."

"Huna? Miaka kumi na minane yote, huna?"

"Sina."

Domina alitoka nje kwenda kupumua.

Si kwamba hakumwelewa. Yeye mwenyewe alizaliwa Ulaya, hii Ulaya yetu ya Kilosa ya kwenda kwa baiskeli, si ile ya kwenda kwa ndege. Naye alilelewa kwamba binti hamkodolei mkubwa macho, na akiwa na lake la moyoni analimeza na ugali. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili alicheza kwenye shindano Morogoro, hakukosea hatua hata moja, na jaji mmoja akamwambia mbele za watu, "Dada, umecheza vizuri sana. Ila sijajua umecheza nini." Domina alimchukia mtu yule miaka mitatu. Mwaka wa nne alikubali kwamba mtu yule alisema kweli. Alipoanza kukielewa alichokuwa anakicheza, goti likakataa. Ndiyo maana akikiona kitu kilekile kwa mtoto wa watu alipandwa na hasira namna ile. Nusu ya hasira haikuwa ya Anitha.

Mwaka huu mambo yalikuwa yamebana zaidi. Mtendaji wa kata alikuwa amewaeleza kwa adabu kabisa kwamba kikundi cha wakulima kinaliomba lile ghala la kuwekea mahindi. Kama vijana wa Domina wangeshinda shindano la wilaya kule Mikumi na kwenda kuiwakilisha wilaya Morogoro, angekuwa na neno la kusema kwenye kikao. Wakirudi mikono mitupu, mahindi yanaingia. Na Kilosa nzima, ukiacha makanisa na misikiti, hakukuwa na sakafu nyingine ya saruji laini ambayo kijana anaweza kuizungukia kwa kichwa akabaki na nywele. Bila ghala hakuna kikundi. Kila mtu alilijua hilo, na Domina alilikumbusha kila jioni kwa wale waliojifanya wamesahau.

Mchezo waliouandaa ulikuwa wa msichana anayesubiri kwenye kituo cha reli. Kuna mtu alimwahidi kuja. Sehemu ya kwanza anatumaini, ya pili anasubiri, ya tatu anakasirika. Kati ya kusubiri na kukasirika muziki unakatika, kimya, sekunde tano nzima. Katika kimya hicho Anitha anatembea mpaka mbele ya majaji, anasimama, anawatazama machoni, anaiacha hasira imjae polepole. Halafu besi inaanguka na wote watano wanalipuka. Domina aliwaambia mara mia kwamba kimya kile ndicho mchezo wenyewe, hayo mengine ni njia ya kukifikia. Na mara mia Anitha alikiharibu. Alitazama juu ya vichwa vya watu, akahesabu mpaka tano, akaingia kabla besi haijaanguka, maana alikuwa anakikimbia kimya chenyewe.

"Unaogopa nini?" Domina alimuuliza siku ya mwisho ya mazoezi.

"Sijui, kocha. Pale panakuwa na watu wengi."

"Palipo na muziki hakuna watu?"

Domina akasema basi, twendeni hivyohivyo, Mungu anatuona.

Shindano lilifanyika Mikumi, mchana kweupe, kwenye ukumbi wa mabati ulio pembeni ya barabara kuu. Joto lilikuwa la kupikia. Malori ya kwenda Tunduma yalipita yakinguruma, na kila yalipopita spika zilijikwaruza na Domina akasonya. Majaji walikuwa watatu: kijana mmoja mcheza dansi kutoka Morogoro aliyevaa kofia kinyumenyume, mama mmoja wa utamaduni, na mzee mwenye koti, ndiyo, koti, katika joto lile, ambaye Domina hakumfahamu wala hakumjali.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaenda. Kutoka pembeni Domina aliiona midomo ya Anitha, akajiambia haya, anahesabu, tumekwisha, lakini angalau yuko kwenye ngoma. Muziki ukakatika.

Anitha akatembea mbele. Akasimama hatua mbili kutoka mezani. Akainua macho.

Yakatua kwa mzee mwenye koti.

Domina aliuona mwili wa Anitha ukishtuka, mabega yakashuka, na sasa akajua kuna balaa, ila hakujua la aina gani. Magoti ya Anitha yakakunjwa, kwa heshima, polepole, kama anavyofanya binti wa milimani. Na katika kimya kile ambacho hata pangaboi lilisikika, sauti ikatoka:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Anitha," mzee akajibu, kwa mazoea tu. "Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

Besi ikaanguka.

Domina alifumba macho. Loo! Miezi minne! Miezi minne ya kufoka, goti linawaka moto, wateja wanasubiri nguo za sikukuu, halafu mtoto anasimamisha shindano kwenda kuulizana hali! Alipofumbua macho, vijana wote watano walikuwa wamelipuka na ukumbi nao umesimama, watu wanapiga kelele, mama mmoja anapunga kanga hewani. Alikuwa na hasira mno hata hakuangalia wanachezaje. Aliwaza mahindi.

Ngoma ilipoisha, yule jaji wa kofia alichukua maiki akiwa ametoa macho. Alisema amezunguka mikoa mingi hajawahi kuona kitu kama kile. Msichana ana hasira ya kuchoma mji, lakini mkubwa yuko mbele yake, basi anapiga goti kwanza! Akageuka. "Kocha njoo hapa. Naomba nijue, ile shikamoo ilikuwa wazo la nani?"

Domina alipewa maiki. Nyuma yake aliwasikia vijana wanahema. Abeli alinong'ona, "Sema ni lako, kocha. Sema ni lako tu." Na ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na ghala ni lao.

Lakini kwa miezi minne alikuwa amewaambia vijana walewale neno moja: usimwonyeshe mtu kitu usichokisikia. Sasa achukue maiki adanganye mbele yao? Alimtazama Anitha. Anitha alikuwa ametazama chini, jasho linamtiririka.

"Lilikuwa kosa," Domina akasema.

"Unasemaje?"

"Ni kosa. Pale alitakiwa asimame, awatazameni kwa hasira. Amemwona mwalimu wake wa zamani, adabu ikamshinda nguvu. Hatukupanga."

Ukumbi ulicheka, kicheko cha upendo kabisa. Majaji waliinamiana, kalamu zikafuta, zikaandika. Mzee wa koti, ambaye sasa kila mtu alijua ni Mwalimu Donati, mstaafu wa Lumuma, alisema yeye asihesabiwe katika jambo lile. Matokeo yalipotoka, kikundi cha hapohapo Mikumi kilikuwa cha kwanza, wao wa pili. Pengo lilikuwa alama mbili. Wa kwanza ndiye anayekwenda Morogoro.

Walisimama kando ya barabara kusubiri gari la Kilosa, mabegi miguuni. Domina alikuwa anajigombeza kimoyomoyo. Mdomo gani huu! Huwezi kunyamaza siku moja? Akapanga jinsi atakavyomwambia mtendaji, akaona hakuna jinsi. Akatafuta neno la kuwapoza vijana.

"Anitha," alianza, "usijilaumu, mwanangu. Kosa ni kosa tu, hata mimi..."

"Halikuwa kosa!"

Domina aligeuka. Wote waligeuka.

"Halikuwa kosa!" Anitha alikuwa amelitupa begi chini. "Nani alikutuma useme? Uliniuliza? Miezi minne unanipigia kelele, sikia, sikia, sikia! Haya, leo nimesikia! Nimesimama pale kwenye kimya chako, nimekasirika kweli, na mara namwona nani? Namwona mwalimu! Baba alipotuacha alisema anarudi Jumapili. Nilikaa barabarani Jumapili ngapi? Shule nikaacha. Aliyekuja hakuwa baba, alikuwa yule mzee, kwa miguu, mvua inanyesha, akasema Anitha, kesho nikuone darasani. Yeye alikuja! Sasa nimwone pale nimfanyie sura ya hasira? Nilimsalimia kwa sababu yeye alikuja! Na sikuhesabu! Kuanzia pale mpaka mwisho sikuhesabu hata moja, na wewe ukachukua maiki ukasema kosa!"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alikuwa amemkazia Domina macho, macho kwa macho, na sura yote, paji, midomo, pua, ilikuwa inasema kitu kimoja kwa wakati mmoja. Domina aliitazama sura ile. Akajaribu kukumbuka Anitha alichezaje baada ya besi kuanguka, akagundua kwamba hajui. Ukumbi mzima ulisimama kuona, na kocha wa mchezo wenyewe alikuwa anawaza mahindi.

"Anitha, adabu," Abeli akasema, akimshika mkono. "Huyu ni mkubwa wako."

"Mwache," Domina akasema.

"Lakini, kocha, anakukosea..."

"Nimesema mwache!" Hakuwahi kumwomba radhi mtu mdogo kwake kwa miaka ishirini na mitatu, na neno lilimtoka kwa shida. "Anitha, nisamehe. Umekileta kile nilichokuwa nakitaka mbele yangu, nami sikukiona."

"Sijakusamehe," Anitha akasema. "Bado nina hasira."

"Haya."

"Sijamaliza kusema."

Gari la Kilosa lilikuwa limefika. Konda akaning'inia mlangoni akipiga bati na kuita, ni la mwisho hili jamani, pandeni. Vijana wakamtazama Domina. Domina hakugeuza kichwa. Alimpungia dereva mkono aende zake.

"Nakusikiliza," akamwambia Anitha.