Ala Tatu kwa Bastola Moja

Bastola iliangukia ndani ya mtungi wa pombe ya mtama, kwenye karamu ya mahari huko Itaba, na ndiyo maana nilitumwa Muyinga.

Mwenye bastola alikuwa polisi wa cheo cha brigadie, cheo ambacho kwetu ni kidogo kuliko kinavyosikika. Alikuwa amemsindikiza mkubwa mmoja kwenye karamu hiyo. Mtungi uliwekwa katikati, wageni wakakaa kwenye vibao vifupi na kunywa kwa zamu kwa mirija mirefu. Zamu yake ilipofika akainama. Ala yake ya ngozi, mfuko wa bastola wa kiunoni, ilikuwa imepoteza kifungo tangu zamani, na bastola ikateleza. Wazee walichomoa mirija, wakangoja bastola itolewe, wakarudisha mirija. Mmoja wao niliyemhoji baadaye alisema ladha haikubadilika.

Brigadie alinyang'anywa bastola, akapewa rungu, akahamishiwa kituo kimoja cha Muyinga. Amri iliyofuata ilikuwa fupi: atajaribiwa na ala mpya mbele ya kamanda, na bastola ikimtoka tena, avue sare. Ilikuwa miaka ya kwanza ya amani, malori yakishusha wakimbizi kutoka Tanzania karibu kila wiki. Yeye alirudi na mojawapo, akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwenye karatasi. Aliniambia kwamba upande huu wa mpaka hakupewa kitu kingine zaidi ya sare. Alikuwa na mke na watoto wanne.

Mimi nilikuwa karani wa polisi mjini Gitega. Wafadhili walikuwa wameleta sanduku lenye ala za aina tatu, na maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza. Ofisi nzima ilisema Kifaransa. Kiingereza kidogo nilikuwa nacho mimi tu, cha shule ya kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Kwa hiyo nilipewa sanduku, nafasi nyuma ya pikapu, na agizo la kuandika ripoti ya ulinganisho.

Ala ya kwanza ilikuwa ya ngozi, yenye mfuniko na kifungo. Ya pili ilikuwa ya turubai, yenye ukanda unaopita juu ya bastola na kufunguliwa kwa kidole gumba. Ya tatu ilikuwa ya plastiki ngumu, na yenyewe iliikamata bastola mara tu ilipoingia. Kuitoa kulitaka hatua mbili: kusukuma kitu mbele, kisha kubonyeza kingine, bila kukosea mfuatano. Nilichora jedwali: kuchuchumaa, kukimbia, kupanda pikipiki, kunyang'anywa. Risasi zilikaa mfukoni mwangu muda wote.

Ala zote zilifaulu kuchuchumaa. Ya ngozi ilishindwa pikipiki. Ilipofika zamu ya kunyang'anywa, tulimwita koplo aliyelala chumba kimoja na brigadie. Wakati wa vita walikuwa pande mbili tofauti. Sasa waliazimana wembe.

"Mnyang'anye," nikamwambia.

"Mi nimunyang'anye hivi hivi? Sijamusalimia bado."

"Mwizi hasalimii, koplo."

"Mwizi wa kwenu Tanzania, labda. Hapa hata mwizi anasalimia. Asiposalimia, watu wanamushuku mapema."

Brigadie akacheka. "Mwache, afande karani. Huyu miaka ile alinitafuta porini na hakunisalimia hata siku moja. Leo alipe deni."

"We ulikuwa unakimbia sana," koplo akajibu. "Ningekusalimia saa ngapi?"

Niliona kwamba koplo alikuwa na hoja. Kwetu watu wakisalimiana hukumbatiana, mikono ikishika mabega, kisha ikishuka hadi kiunoni. Mdogo akimpa mkubwa mkono wa kulia, wa kushoto huushika huo wa kulia kwa heshima, na hapo hana mkono wa kulindia chochote. Maelezo ya Kiingereza hayakulitaja jambo hilo. Nikaongeza safu ya tano: kusalimiana.

Ala ya ngozi iliachia bastola kwenye kumbatio la kwanza, kabla koplo hajaanza kujaribu. Ya turubai ilifunguliwa na kidole chake kwa bahati mbaya. "Pole," akasema, na kumrudishia bastola kwa mikono miwili. Ya plastiki haikuachia. Haikumwachia hata brigadie mwenyewe. Siku hiyo alihangaika nayo hadi koplo akauliza kama arudi kesho.

Kwa wiki mbili brigadie alifanya mazoezi kwenye baraza la kituo. Sukuma, bonyeza, toa, rudisha. Kidole gumba kilitoka lengelenge, likapasuka, likawa sugu. Wanawake waliokuja kushtaki majirani walimtazama, wakaomba wahudumiwe na mwingine.

Kamanda alikuja asubuhi ya Jumatatu. Akasoma jedwali langu lote, safu ya tano akaisoma mara mbili, akasema, "Bon. Haya, anzeni."

Koplo akasogea. "Amahoro, ndugu yangu," akasema, maana yake amani, akamkumbatia brigadie, mkono ukashuka, akavuta kwa nguvu zake zote.

Mkanda wa suruali ya brigadie ukakatika. Tulikuwa tumeshughulika na ala kwa zaidi ya wiki mbili, na hakuna aliyeutazama mkanda, uliokuwa wa kitambaa cha zamani. Koplo alibaki ameshika ala na bastola ndani yake. Brigadie alibaki ameshika suruali. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka hesabu ya watoto.

"Sasa hapo," kamanda akaniuliza, "bastola imetoka ama haiyatoka?"

"Iko ndani ya ala, shefu."

"Na ala iko kwa nani?"

Nikapitisha kidole kwenye jedwali kutafuta safu ya swali hilo.

"We mwizi," kamanda akamwambia koplo, "itoe basi."

Koplo alivuta, akatikisa, akabana ala katikati ya magoti. Alibonyeza kabla ya kusukuma. Kamanda akaichukua, akajaribu mwenyewe kwa utulivu wa cheo chake, kisha bila utulivu. Mimi niliyesoma maelezo nilijaribu pia, nikashindwa. Ikapita mikononi mwetu watatu mara mbili, kisha kamanda akamnyooshea brigadie, ala akiwa ameishika yeye.

Brigadie aliachia suruali kwa mkono mmoja. Akasukuma, akabonyeza, na bastola ikatoka kama mkate kwenye bati lililopakwa mafuta. Akairudisha. Ikalia *tak*.

"Ikae kwake," kamanda akasema. "Sisi wengine itatusaidia nini?"

Kwenye safu ya kunyang'anywa niliandika: haikutoka. Kamanda akatia sahihi juu ya boneti ya gari. Brigadie, suruali mkono mmoja na ala mkono wa pili, alisimama wima kupiga saluti, akasita, akaomba ruhusa ya kuipiga kwa maneno tu.